Kiwanja Hakina Ibara

Januari 2024, Mlandege ilipoifunga Simba bao moja kwa bila pale Amaan na kuondoka na Kombe la Mapinduzi kwa mara ya pili mfululizo, simu yangu ilijaa pongezi. Waliotuma ni watu ninaosoma nao Dar es Salaam, ambao wanajua tangu siku ya kwanza ya utambulisho kwamba mimi ni mtoto wa Mlandege. Nilizipokea zote na sikumrekebisha mtu. Mlandege yangu iko Iringa mjini, kwenye baridi, mbali na bahari kwa safari ya basi ya siku nzima. Mlandege iliyochukua kombe ni klabu ya Zanzibar. Tumefanana jina tu.

Nyumbani aliyeguswa zaidi na ushindi ule alikuwa baba mdogo, ambaye ana kibanda cha spea za pikipiki hapo mtaani na ni Yanga wa kufa. Kwanza alicheka siku mbili kwa sababu ya Simba. Siku ya tatu akanipigia.

"Mwanangu, wewe si ndiyo unasoma mambo ya katiba na michezo? Hawa wana ligi yao, wana kombe lao, wana timu yao inaitwa Zanzibar Heroes. Mbona AFCON hawaendi?"

Ndiyo, ninasoma mambo hayo. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya sheria, na tasnifu yangu inahusu nafasi ya michezo katika katiba za nchi. Nikitaja mada hiyo kwenye daladala watu huangua kicheko. Katiba ni jambo la watu wazima waliovaa suti, michezo ni jambo la Jumapili jioni, na mtu anayeviweka pamoja anaonekana kama anayetaka kupata digrii kwa mteremko. Lakini swali la baba mdogo lina jibu, na jibu lake liko ndani ya Katiba, mahali ambapo neno "michezo" halipo.

Ukifungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na kwenda mwisho kabisa, utakuta Nyongeza ya Kwanza. Ni orodha ya Mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11, leo ni 22. Kuna ulinzi, uraia, polisi, sarafu, bandari. Kuna elimu ya juu. Kuna Baraza la Mitihani. Kuna utabiri wa hali ya hewa, maana yake wingu likijikusanya juu ya Unguja au juu ya Gangilonga, kulitabiri ni kazi ya Muungano. Mpira haumo, wala riadha, wala ngumi. Kwa kuwa haumo, kila upande unajiendeshea wake. Bara tuna Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1967, Zanzibar wana baraza lao. Bara tuna TFF, wao wana shirikisho lao. Kwenye mashindano ya CECAFA tunaingia timu mbili, Kilimanjaro Stars na Zanzibar Heroes, na tunapigana kama majirani wasiosalimiana. Mwaka 1995 Heroes walilichukua kombe la CECAFA kule Uganda.

Tatizo linaanza mtu akitoka nje ya ukanda huu, kwa sababu huko nje hakuna anayesoma Nyongeza ya Kwanza. Machi 2017, mkutano mkuu wa CAF uliofanyika Addis Ababa uliikubali Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Nilikuwa kidato cha tano wakati huo, na mwalimu wetu mmoja mwenye asili ya Pemba alikuja darasani amevaa kofia mpya, akatununulia pipi darasa zima. Julai mwaka huohuo, mkutano mwingine uliofanyika Rabat ukaifuta. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu. Desemba Heroes wakaenda Kenya kwenye Kombe la CECAFA, wakaifunga Bara, wakafika fainali, wakapoteza kwa penalti mbele ya wenyeji. Ukiniuliza mimi, timu ile ilicheza kama watu wenye barua mfukoni.

Kwa hiyo nilimjibu baba mdogo hivi: Katiba ilinyamaza, na kunyamaza kwake kukawapa Zanzibar uhuru wa kuendesha michezo yao wenyewe, lakini dunia inatambua kiti kimoja kwa kila taifa, na kiti hicho tumekikalia sisi. Agosti 2025 mechi za CHAN zilichezwa Amaan. Mashirikisho ya Afrika yalikwenda kucheza kwa mwenyeji ambaye hayupo kwenye orodha ya wanachama kamili.

"Sasa wangeandika kwenye katiba ingesaidia?" akauliza.

Nikamwambia inategemea wangeandika nini na wangeandika ukurasa gani. Akaguna. Kuna mtu amefika na pikipiki inayovuja oili, akakata simu.

Hilo la ukurasa ndilo lililonichukua mwaka mzima. Nilipoanza, nilikusanya ibara kama mtoto anavyokusanya vizibo. Ureno wana ibara ya 79 katika katiba yao ya 1976, inayosema kila mtu ana haki ya elimu ya viungo na michezo. Brazil wana ibara ya 217 ya 1988, ndefu, inayoamuru hata mpangilio wa kesi: mgogoro wa michezo uishie kwanza kwenye vyombo vya haki vya michezo kabla ya kugonga mlango wa mahakama. Italia, nchi iliyokuwa imeshachukua makombe manne ya dunia bila ibara yoyote, iliongeza sentensi moja kwenye ibara ya 33 mwaka 2023. Msumbiji, hapa jirani, katiba yao inawapa raia haki ya michezo. Hii ya Msumbiji hunifurahisha kwa namna ya pekee, kwa kuwa uwanja mkubwa wa Iringa unaitwa Samora. Tumechukua jina la rais wao wa kwanza tukaliweka kwenye uwanja, ile haki tukawaachia wenyewe.

Uwanja wenyewe wa Samora ni mali ya CCM, kama vilivyo viwanja vingi vikubwa vya mikoani: Sokoine kule Mbeya, Majimaji Songea, Kirumba Mwanza. Vilijengwa zama za chama kimoja, wakati Katiba yenyewe ilikitambua chama kuwa ndicho chenye kauli ya mwisho, na wakati mchango wa chama na mchango wa wananchi ulikuwa ukitoka mfuko mmoja. Mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa, vyama vikawa vingi, viwanja vikabaki pale vilipokuwa. Lipuli yetu, Wanapaluhengo, ilichezea Samora ilipokuwa Ligi Kuu. Mwaka 2019 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi, ikafungwa moja na Azam. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Baba mdogo hataki kuongelea mwaka huo, na mimi sitauongelea zaidi.

Msimamizi wangu ni mwanamama mtaratibu ambaye hukusahihisha kwa kukuuliza. Niliposhusha mezani kwake sura ya pili yenye ibara zangu zote nzuri, alisoma kurasa kama sita, akavua miwani.

"Sawa. Nani atashitaki, na ataiomba mahakama nini?"

Ni swali la kikatili kwa mtu aliyekusanya vizibo. Chukua Uganda. Katiba yao ya 1995 ina kipengele cha 17 katika malengo ya taifa kinachosema dola itakuza burudani na michezo kwa raia. Ni sentensi moja. Haisemi kwa fedha gani, wala kwa kiwanja kipi. Malengo yale yalikaa mwanzoni mwa katiba kama sala ya kufungua mkutano, hadi marekebisho ya 2005 yalipoongeza ibara ya 8A ili kuyapa uzito zaidi. Hata hivyo, mtoto wa Gulu ambaye shule yake haina mpira ataingia mahakamani kuomba nini hasa? Mpira?

Kwetu hali ingekuwa ngumu zaidi. Watu wengi huniambia, "Si wangeiweka tu pale penye elimu?" Elimu iko ibara ya 11. Ibara ya 11 iko katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na ibara ya 7 inasema waziwazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama yoyote. Ukiiweka michezo pale, unaipeleka kuishi kwenye nyumba ambayo elimu yenyewe ni mpangaji asiye na mkataba.

Kenya ndiyo walionifanya nibadilishe muundo wa tasnifu. Katika Katiba yao ya 2010, ukitafuta michezo kwenye sura ya haki utachoka. Nenda Jedwali la Nne, lile la kugawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Serikali kuu imepewa kukuza michezo na elimu ya michezo. Kaunti zimepewa shughuli na miundombinu ya michezo, kwenye kifungu kimoja na maktaba, makumbusho, kamari na leseni za pombe. Halina mvuto hata kidogo, lakini linakwambia uende ukagonge mlango wa nani. Miaka mitatu baadaye wakatunga sheria ya michezo, ikaunda hadi baraza la kuamua migogoro ya michezo.

Sisemi kwamba Kenya mambo yamenyooka. Pale Iten, mji mdogo uliotoa mabingwa wa dunia wa mbio kuliko nchi nyingi, uwanja wa Kamariny ulivunjwa ili ukarabatiwe na ukarabati ukakwama kwa miaka, wakimbiaji wakarudi barabarani na kwenye vumbi. Novemba 2021 waziri wa michezo alilivunja shirikisho la mpira akitaja matumizi mabaya ya fedha. Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima, kwa sababu kanuni zake hazitaki mkono wa serikali, hata kama mkono huo una katiba. Adhabu iliondolewa Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo jedwali lao si dawa. Lakini raia wa Iten akikasirika anajua anamkasirikia nani, na wakirushiana mpira kati ya Nairobi na kaunti, anaweza kuwasomea.

Na AFCON ya 2027 wanaandaa hawa watatu kwa pamoja: Kenya yenye jedwali, Uganda yenye sentensi, na sisi wenye ukimya.

Hapo ndipo baba mdogo anarudi, na safari hii si kwa ajili ya Zanzibar.

Baba mdogo alikuwa mrusha mkuki. Kwa Mhehe kusema hivyo ni kama kujitafutia utani, na ameshataniwa vya kutosha, Mkwawa akatajwa kila mara. Alijifunzia kwa fimbo ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, kwa sababu shule ilikuwa na mkuki mmoja na ulikuwa umefungiwa ofisini. Alikuwa kidato cha pili, anarusha mbali kuliko wa kidato cha nne, na mwalimu wa michezo alikuwa ameshamwandika jina kwenda mashindano ya mkoa ya UMISSETA. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Asubuhi moja mstarini mwalimu mkuu akasoma waraka: mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yamesimamishwa, wanafunzi wazingatie masomo. Waziri wa elimu wa wakati huo alikuwa Joseph Mungai, mbunge wa Mufindi, hapahapa kwetu, na watu wa rika la baba mdogo wanalikumbuka jina hilo kwa jambo hili kuliko kwa mengine yote aliyoyafanya. Mashindano yalirejeshwa miaka kadhaa baadaye, serikali nyingine ikiwa madarakani. Baba mdogo alikuwa ameshamaliza shule, ameshaoa.

Sidai kwamba angekuwa bingwa. Yeye mwenyewe hadai. Anachosema ni kwamba hajui alikuwa anarusha umbali gani, maana hakuna mtu aliyewahi kumpimia kwa utepe. Alihesabu hatua tu.

Nilimpelekea msimamizi wangu kisa hicho kama jibu la swali lake. Nani atashitaki? Mvulana wa miaka kumi na sita mwenye fimbo ya mwanzi. Ataomba nini? Kwamba jambo lililojengwa kwa miaka mingi lisifutwe kwa karatasi moja inayosomwa mstarini, bila Bunge, bila kuulizwa mwalimu wa michezo, bila sababu inayoweza kupingwa. Mtihani hauwezi kufutwa hivyo, Baraza la Mitihani limo kwenye Katiba na lina sheria yake. Mashindano yaliweza. Msimamizi aliandika pembeni kwa penseli: "Hii iweke mbele."

Nikadhani nimeshamaliza. Juni nikarudi Iringa kuandika sura ya nne kwa utulivu, nikakuta bikoni kiwanjani.

Kiwanja chetu hakina jina. Tunakiita "pale chini". Kimeinama kuelekea barabarani, ndiyo maana timu inayoshambulia kushuka lazima iwe na mtu wa kukimbilia mpira kabla haujaingia chini ya bajaji. Asubuhi akina mama huanika mahindi upande mmoja. Jioni ni chandimu ya watoto, kisha wasichana wa netiboli, kisha wavulana wakubwa hadi giza. Mimi mwenyewe nilicheza pale hadi kidato cha tatu, nafasi ya GD, na kovu la goti la kushoto nimelipata pale. Mdogo wangu wa mwisho, wa darasa la sita, ni golikipa wa timu ya mchanganyiko ambayo sheria yake pekee ni kwamba mwenye viatu avue.

Bikoni zilikuwa nne, za zege, zina namba zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Ilijulikana mara moja ni za nani: mzee mmoja ambaye sitamtaja, mtu wa watu, anayechangia misiba yote. Ana hati. Anataka kujenga fremu za maduka. Mwenyekiti wa mtaa alituonyesha nakala kwenye simu, na hati haikuwa na kasoro yoyote ambayo jicho langu lingeweza kuiona.

Jioni ile nyumba yetu ilijaa. Mama alichemsha chai ya tangawizi, watu wakakaa hadi kwenye ngazi. Mwalimu mstaafu wa jirani yetu, ambaye alinifundisha kusoma, akanigeukia mbele ya watu wote. "Haya, mwanasheria. Tuandikie barua. Tuegemee kifungu gani?"

Nilikuwa na ibara za Ureno, Brazil, Italia na Msumbiji kichwani.

Nikawaeleza kama nilivyoweza. Mwenye hati ana ibara ya 24. Kila mtu ana haki ya kumiliki mali na haki ya mali yake kuhifadhiwa, na hiyo iko kwenye Sehemu ya Tatu, sehemu ya haki ambazo mahakama inazilinda. Sisi hatuna ibara. Mahakamani vitu viwili vikiwekwa kwenye mizani, hati ya mzee na jioni za watoto, upande mmoja una jina na namba, upande wa pili una vumbi. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho sura yangu ya pili haikukigusa kabisa: katiba isiyotaja michezo haijakaa katikati. Imeshachagua, kwa sababu kila kinachogombana na michezo kimetajwa. Mali imetajwa. Kazi imetajwa. Elimu imetajwa angalau kwa heshima. Kiwanja kikikutana na chochote kati ya hivyo, kinaingia ulingoni hakina hata bukta.

"Kwa hiyo hakuna?" mwalimu akauliza.

Ipo njia ya dirishani. Niliwasimulia habari za Tabata. Mwaka 1988, mwaka ambao haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 zilianza kudaiwa mahakamani, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikimwaga takataka za mji mzima kwenye makazi yao. Moshi, nzi, harufu. Katiba haikuwa na ibara ya mazingira. Walikuwa na ibara ya 14, haki ya kuishi, na Jaji Lugakingira akaikubali: kumwagia watu taka zinazoharibu afya zao ni kuwaingilia haki ya kuishi. Watu wa Kunduchi Mtongani nao wakaenda na hoja ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu asiye na ibara yake anaweza kuazima ya jirani.

"Watoto kukosa pa kucheza ndiyo kufa?" akauliza kijana mmoja wa bodaboda, bila kejeli. Alitaka kujua kweli.

Mama alimjibu kabla yangu. Alisema wakicheza barabarani, ndiyo. Mwaka juzi mtoto wa nyumba ya pili aligongwa akifuata mpira. Amepona lakini anachechemea. Watu wakanyamaza kidogo, na mimi nikaandika hiyo kwenye daftari, ikawa aya ya pili ya barua.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. YAH: OMBI LA KUHIFADHI ENEO LA MICHEZO. Tuliegemea Sheria ya Mipango Miji ya 2007, tukiomba tuonyeshwe ramani ya mipangomiji ya eneo letu na matumizi yaliyopangiwa kiwanja kile kabla ya hati kutolewa. Tukaweka ibara ya 14 kama dirisha. Tukaweka ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba na sheria za nchi. Nilimuweka na mzee mwenyewe: tulipendekeza apewe kiwanja mbadala au fidia, kwa sababu ibara ya 24 ni yake na hakuiiba. Baadhi hawakupenda hilo. Mwalimu mstaafu alisema liachwe.

Sahihi zilikuwa 83. Baba mdogo alitia ya kwake, kisha akauliza kama watoto wanaruhusiwa. Nikamwambia hawana nguvu kisheria. Akasema basi waweke majina tu, kwenye karatasi nyingine, bila nguvu. Wakaweka 41, wengine kwa penseli za rangi. Steshenari iliyo karibu na stendi ilituprintia nakala nne bila malipo, kwa sababu mwenye steshenari naye alikuwa beki wetu wa kushoto.

Mtendaji alitupokea vizuri. Alisoma yote, hata karatasi ya watoto. Akafika kwenye ibara ya 14, akainua macho.

"Kwa hiyo hakuna ibara ya michezo yenyewe?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Nilidhani ipo," akasema, na akagonga muhuri.

Mwaka 2014 tulikuwa na nafasi ya kuiweka. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kuuliza watu, Bunge Maalumu likakaa Dodoma, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Katiba ya 1977 ikaendelea na kazi. Nikirudi Dar nitaandika kwenye sura ya mwisho kwamba siku mjadala huo ukifunguliwa tena, sitaomba sentensi tamu ya haki ya michezo. Nitaomba vitu vikavu viwili. Mstari mmoja unaosema maeneo ya wazi na viwanja vya michezo vya umma ni kazi ya halmashauri, na haviwezi kubadilishwa matumizi bila wakazi kusikilizwa. Mstari mwingine unaosema Zanzibar na Bara zinakaaje kwenye kiti kimoja cha nje, kwa zamu au kwa makubaliano, ila kwa maandishi. Msimamizi wangu ataniuliza nani atashitaki. Safari hii nina majina 124.

Jumapili kabla sijaondoka, mzee mwenye hati alikuja kukiangalia kiwanja chake. Alikuwa ametoka kanisani, amevaa koti. Akasimama kwenye bikoni ya upande wa juu, mikono nyuma. Watoto waliendelea kucheza, na bikoni ile wameifanya mlingoti wa goli, kwani kuipita bila kuitumia ingekuwa ujinga. Mdogo wangu alikuwa golini.

"Kamwene, babu," akamwamkia. "Samahani, umesimama golini."

Mzee akatazama chini, akasogea hatua tatu kuelekea kwenye mahindi ya akina mama. Akabaki pale kama dakika kumi, akiangalia. Kuna wakati mpira ulishuka kuelekea barabarani na nilimwona akinyoosha shingo kama sisi wengine. Kisha simu yake ikaita, akaondoka akiongea.

Barua haijajibiwa. Bikoni zipo zote nne.